Yamini kwa Timu Mbovu

Jumanne, 27 Machi 2018

Cedar Hill, Texas. Leo imetimia miaka thelathini na minane, miezi saba na siku kumi na tatu tangu nitoke Tabora. Nimehesabu mara mbili. Nilikuwa mkutubi, hesabu ya mara moja siiamini.

Nimehesabu kwa sababu nimeapa.

Jana Mwanne alipiga simu. Mdogo wangu huyu hazunguki. Salamu, afya, mvua, kisha: Kaka, chumba cha mbele.

Ni chumba changu katika nyumba ya marehemu baba, mtaa wa Isevya, Tabora. Kitanda, sanduku la bati, kufuli. Tangu 1979 hakijalala mtu. Kinafunguliwa kila Ijumaa, kinafagiwa, kinafungwa. Kila mwaka nasema nitarudi mwakani. Mwanne akauliza, wala si kwa ubaya: mwakani huu ni upi? Niseme tu, nakuja au siji, watu wajue.

Nikahamaki. Mzee akiulizwa swali la haki, hana la kufanya ila kuhamaki. Nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni, wanaizungumzia timu yetu ya besiboli, ile ya Arlington, wanasema mwaka huu ina vijana wazuri. Msimu unaanza Alhamisi. Nikachukua simu, nikaingia kwenye kundi la ukoo, watu thelathini na mmoja, nikarekodi kwa sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nyingi:

“Sikilizeni. Timu yangu ikifika tarehe 30 Aprili imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda, nafunga virago, narudi moja kwa moja. Isipokuwa hivyo, tusiulizane tena mwaka huu. Wallahi.”

Wallahi! Nani alinituma?

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Hakuna hata mmoja kule anayejua besiboli. Timu itashinda, nami nitapata mwaka mwingine wa kutojibu.


Alhamisi, 29 Machi

Tumefungwa. Nyumbani, siku ya kwanza, na Houston!

Mrushaji wetu alirusha vizuri sana vipindi vinne, kisha akakumbuka yeye ni wa timu gani.

Faraj alipiga simu kabla watu hawajatoka uwanjani. Huyu ni Mzanzibari, anakaa Katy, pembeni ya Houston, na tulisoma chuo kimoja hukohuko Houston miaka ya themanini. Timu yake ilichukua ubingwa mwaka jana, na tangu Novemba haongei, anahutubia. “Yakhe Twalibu, poleni. Nasikia mlikuwepo uwanjani leo.” Nikamwambia ni mechi ya kwanza kati ya mia moja sitini na mbili. Akasema hata maradhi huanza na siku ya kwanza.

Sikumwambia habari ya yamini.


Ijumaa, 30 Machi

Tumeshinda! Kushinda moja, kufungwa moja.

Kundi la ukoo kimya. Hata shangazi anayetuma picha za maua kila asubuhi, leo hakutuma ua.


Jumapili, 1 Aprili

Tumefungwa jana. Tumefungwa leo. Kushinda moja, kufungwa tatu.

Riyadh ametuma ujumbe: “Mjomba shikamoo. Hongera sana, mmefungwa tena.” Huyu ni mtoto wa Mwanne, ana miaka thelathini na minne, anatengeneza simu sokoni. Kumbe amejifunza mahali pa kutazama matokeo. Kwao mechi zetu za jioni huisha alfajiri, watu wakitoka msikitini. Anasimama barazani, anasoma simu, anatangaza. Anasema muuza mkaa wa mtaa wa pili amemsimamisha kumuuliza: hao wa Arlington wanacheza lini tena?

Mwanne ameweka dua. Yeye na wanawake sita, kila baada ya alfajiri. Wanaomba mwana wa nyumba arejee salama, na wanataja na sababu.

Nafikiri hakuna timu nyingine Marekani yenye mtaa mzima Tabora unaoiombea mabaya. Na dua zinapokelewa!


Alhamisi, 5 Aprili

Kushinda tatu, kufungwa tano.

Leo niliwapigia simu ya video niwaelimishe. Nilidhani wakiuelewa mchezo wataupenda, na wakiupenda watauonea huruma. Riyadh aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akina mama wakajipanga nyuma yake kama darasani. Nikaelekeza kamera kwenye televisheni.

Mwanne akatazama muda mrefu. “Kama rede ya wasichana?”

“Kidogo.”

“Wanaume wazima wanalipwa kucheza rede?”

“Wanalipwa vizuri.”

“Na huyu mbona anatema mate hivyo? Amefunga?”

Nikasema hapana, wanatafuna mbegu za alizeti. Mwanamke mmoja nyuma akasema Subhanallah, mbegu za alizeti, badala ya kuzikamua mafuta. Riyadh akauliza sare zinahesabiwaje. Nikamwambia hakuna sare. Wanacheza mpaka mmoja ashinde, hata vipindi ishirini. Na msimu una mechi mia moja sitini na mbili.

Mwanne akaisogelea simu.

“Kaka,” akasema Mwanne, “huo si mchezo. Hicho ni kifungo.”

Wakati huohuo mchezaji wetu akauangusha mpira uliokuwa tayari umeingia mkononi mwake – mkononi, na glovu juu yake! Nilipiga kelele. Kule Tabora walipiga vigelegele. Hawakuelewa kilichotokea. Walinisikia mimi tu, ikawatosha.


Jumatatu, 9 Aprili

Nne kwa nane.

Yumna amejua. Binti yangu ndiye ninayekaa kwake. Ni mfamasia, kundi la ukoo alikuwa amelinyamazisha tangu mwaka juzi. Leo binamu yake mmoja wa Dar alimpigia kumpa hongera kwamba baba anarudi nyumbani.

Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. “Baba, uliapa? Kwa hii team? Bora ungeapa kwa weather ya Texas, ningekuelewa.”

Nikasema msimu bado mbichi. Nikasema warushaji wanachelewa kupata moto. Nikasema mengine ya namna hiyo.

Akasema, “Na mimi je?”

Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.


Alhamisi, 12 Aprili

Nne kwa kumi. Sina la kuandika.

Ninalo. Kocha anamtoa mrushaji mzuri na kumleta mbovu, kila siku, katika kipindi cha saba. Kila siku! Mtu akienda kisimani na ndoo iliyotoboka mara moja, amekosea. Akienda mara kumi, anaipenda ile ndoo.


Jumapili, 15 Aprili

Katy. Naandika nyumbani kwa Faraj, kwenye meza ya kulia, huku mkewe akinifungia mkate wa ufuta wa safari.

Nilikuja Ijumaa kwa basi, maana timu yetu imefuata adhabu yake Houston. Jana Faraj alinipeleka uwanjani. Barabarani saa nzima na zaidi, I-10 imejaa, yeye amevaa shati la rangi ya chungwa na kofia ya viua aliyoshonewa Unguja. Nilimwambia achague moja. Akasema kofia ya dua, shati la ushindi.

Njiani nikamweleza yote. Chumba, Mwanne, wallahi. Nilitegemea atacheka. Alizima redio.

“Ulikusudia?”

“Nilitamka.”

“Nimekuuliza ulikusudia?”

“Nilikusudia timu ishinde.”

Akafikiri mpaka tukapita magari mengi. Faraj alisoma chuoni kwa masheikh kabla hajasoma uhasibu, na akiingia kwenye fiqhi hata sauti inabadilika. Akasema yamini si mnyororo. Mtu akiapa kisha akaona lililo bora ni jingine, afanye lililo bora na atoe kafara. Alishe masikini kumi chakula cha wastani cha nyumbani kwake, au awavishe. Asiyeweza ndiye afunge siku tatu.

“Basi nitafunga siku tatu,” nikasema. “Kama ikifika huko.”

“Wewe una pensheni, yakhe. Kufunga ni kwa asiyeweza. Wewe utapika.”

Nikamwambia mimi si mtu wa kuvunja yamini yangu. Nikasema kwa hasira, tena kwa sauti. Lakini hapa hakuna msomaji, niandike ukweli: aliposema neno kafara, kifua kilifunguka kama dirisha lililokwama. Nikaona haya. Nikageuza mazungumzo kuwa ya maegesho.

Mechi yenyewe – tumeshinda! Vipindi kumi, kimoja cha nyongeza. Mpigaji wetu mdogo, yule ambaye nimemtukana wiki mbili mfululizo, aliupiga mpira ukaenda ukaenda ukaingia kwa watu. Nilisimama. Nilimkumbatia mwanamume aliyekuwa kushoto kwangu, mtu mkubwa mwenye ndevu nyekundu, simjui, naye ni wa Houston. Alinipigapiga mgongoni kama mtu anayemfariji mfiwa.

Nilipokaa, Faraj alikuwa ananitazama mimi, hatazami uwanja.

Na leo tumeshinda tena. Sita kwa kumi na moja.


Jumatatu, 16 Aprili

Nimerudi Cedar Hill. Nimekuta mashtaka.

Ukoo unasema: Kaka ameshinda mbili Houston, na alikwenda mwenyewe. Alikwenda kufanya nini? Shangazi wa maua ameandika kwamba kila timu ina kamati yake ya ufundi. Muuza mkaa ametuma salamu kupitia Riyadh: mwambieni mzee acheze kwa haki, mambo ya kufukia vitu uwanjani tunayajua tangu zamani.

Nimejibu kwamba nilikula sambusa nne na kunywa soda. Mwanne akajibu: nani aliyezipika hizo sambusa?


Jumamosi, 21 Aprili

Nane kwa kumi na nne. Ufundi umeisha nguvu.

Riyadh ametuma video ya chumba changu. Amekipaka rangi, ya kijani mpauko, kama zahanati. Kitanda kina godoro jipya na chandarua. Sanduku langu la bati limefutwa vumbi mpaka jina langu linasomeka. Kufuli mpya, ufunguo unaning'inia kwenye utepe mwekundu. Kisha uani: mbuzi. Dume, mweupe, amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, anatafuna kitu ambacho nadhani ni kanga. “Huyu ni wako Mjomba, wa siku ya kuteremka.”

Hapo alidhani ameizima kamera. Haikuzimika. Iliendelea kidogo, imeelekezwa chini, yeye anatembea. Ikaingia chumba cha uani, kile kilichokuwa stoo ya baba ya karanga. Godoro limesimamishwa ukutani ili watu wapite. Watoto wake wawili wanaandika kazi ya shule juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, tumbo la miezi saba au minane. Akasema, “Umemwonyesha Mjomba chumba? Kimependeza?” Riyadh akasema kimependeza mno. Ndipo ikazima.

Nimeitazama mara nne.

Huyu ndiye anayeomba kila alfajiri nifungwe. Nikifungwa, mimi nalala chumba cha mbele na yeye anabaki na ndoo iliyopinduliwa. Wala hajawahi kutaja. Mwanne naye, alipouliza, hakutaja. Alisema tu, watu wajue.


Jumapili, 22 Aprili

Tumefungwa. Nane kwa kumi na tano. Zimebaki mechi saba hadi tarehe 30. Tukishinda zote saba, inakuwa kumi na tano kwa kumi na tano. Sawa kwa sawa si “nyingi kuliko”. Niliapa kwa maneno mahususi, namshukuru Mungu kwa kazi ya maktaba.

Saba mfululizo. Timu hii haijashinda hata tatu mfululizo.

Faraj: “Yakhe, hata mimi nawaombea sasa. Ila sijazoea, naona aibu mbele ya Mola wangu.”


Jumanne, 24 Aprili

Imekwisha jana. Nane kwa kumi na sita, zimebaki sita. Hata wakishinda zote haitoshi. Yamini imenikamata.

Kipindi cha saba. Ndoo ileile iliyotoboka.

Niliipiga teke meza ndogo ya Yumna. Meza ni ya mninga, aliniletea mtu kutoka nyumbani mwaka 2004, haikutikisika. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi. Nikachukua simu nikamwandikia Riyadh maneno marefu kuhusu kocha, elimu ya kocha, na ukoo wa kocha. Alinijibu kwa rekodi ya vigelegele. Mtaa mzima. Nilisikia hata ngoma, au ni sufuria.

Asubuhi ya leo Mwanne alipiga. Nilitegemea sherehe. Alikuwa peke yake. Nilisikia anavuta mlango.

“Kaka, mguu unaendeleaje?”

“Nani kakwambia?”

“Yumna.”

Kumbe wanazungumza. Kumbe siku hizi Yumna amelifungua kundi.

Akasema hivi, nami naandika kama alivyosema, maana sitaki nije nikajifanya nimesahau:

“Mtu anayetaka kwenda kwao, timu ikifungwa angecheka. Sisi tumecheka mwezi mzima, maana tunakutaka. Wewe umenuna mwezi mzima. Umepiga na meza. Sasa nikuulize, Kaka, mimi mdogo wako – ulikuwa unaomba nini?”

Nikasema mtandao unakatika.

Mtandao haukuwa unakatika.


Ijumaa, 27 Aprili

Sasa wanashinda! Juzi wameshinda, leo wameshinda. Kumi kwa kumi na saba. Mtu akishazikwa ndipo wanaleta dawa.

Juzi nilikwenda uwanjani Arlington, peke yangu, na mkongojo. Yumna alinishusha getini. Viti vyangu ni vya juu kabisa, vya rahisi, upande wa kushoto, ambako jua huondoka mapema. Nyaboke ndiye mwonyesha viti wa upande ule. Mkenya, mchana yuko kwenye nyumba ya kutunza wazee, jioni yuko pale.

“Mzee! Wiki mbili sijakuona. Nilikuwa nimeanza kusema ni heart.”

“Ni kidole cha mguu.”

“Uliumizwa na nani?”

“Kipindi cha saba.”

“Ah. Hiyo imeumiza wengi.” Akanifutia kiti kwa kitambaa, ingawa hakikuwa na kitu. Kisha akaketi kidogo, kinyume cha kanuni za kazi yake. “Nilikuwekea hiki kiti. Kuna kijana alitaka kukaa hapa, nikamwambia hapana, hapa pana mwenyewe.”

Hapa pana mwenyewe.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha mama Yumna. Tulianza kuja mwaka 1986, kwenye uwanja wa zamani uliokuwa jirani, kwa sababu chumba chetu hakikuwa na kiyoyozi na kule juu kulikuwa na upepo. Hatukujua kanuni hata moja. Yeye alizielewa kabla yangu. Hapo ndipo alipojifunza kuzomea kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili alikuwa mpole. Mwaka wa tisa huu yuko makaburini, maili kumi na moja kutoka Cedar Hill, na Ijumaa nikitoka msikitini nampitia nimpe matokeo. Mwezi huu nimekuwa nikimwambia tutaona, tutaona.

Isevya chumba changu kinafagiwa kila Ijumaa. Hapa Ijumaa ni mimi ninayefagia, kwake. Nimekaa miaka hii yote nikidhani ni mtu mwenye sehemu moja iliyofungwa kwa kufuli na nyingine ya kupita tu. Nimekosea katika kupanga. Nimeweka kitabu kwenye rafu isiyo yake, na mkutubi anajua: kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea, hata kama kila mtu anakiona.

Ushindi wenyewe ulikuwa mzuri. Nilishangilia. Hakuna mtu Tabora aliyefaidika.


Jumapili, 29 Aprili

Jana kufungwa, leo kushinda. Kumi na moja kwa kumi na nane. Imebaki moja, kesho, isiyo na maana yoyote.

Nimempigia Faraj. Nilimuuliza kana kwamba naulizia mtu mwingine. Masikini kumi – lazima wawe wa mji mmoja? Hapana. Wanaweza kuwa wa Tabora? Wanaweza. Mbuzi anafaa? Akaguna. “Mbuzi wa nani?”

Nikamweleza.

“Yule aliyenunuliwa kukupokea?” Alicheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini. “Sikiliza. Umnunue kwa yule kijana, awe wako kwanza. Kafara hailipwi kwa mbuzi wa mtu. Na chakula kiwe cha wastani, usiwatie pilau la harusi ukajisifu.”

“Na wakiniuliza kwa nini nalisha masikini kumi?”

“Yakhe, masikini kumi kamili? Kila Muislamu mtaani atajua. Wakiwa tisa wangefikiri ni sadaka.”

Hapo ndipo penye mwiba. Kafara hii haifichiki. Sina njia ya kumwambia Mwanne apike bila kumwambia kila kitu. Labda ndiyo maana imewekwa hivyo.

Kabla ya kukata alisema, kwa sauti ile ya fiqhi: “Tena umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Usitume rekodi. Rekodi ndiyo iliyokutia humu.”

Yumna alikuwa jikoni, anasikia, anajifanya hasikii. Nilimwambia wali wa jana umebaki. Akasema ameshauona. Akasema pia, bila kugeuka, kwamba mechi ya kesho amechukua ruhusa kazini, kama nitataka mtu wa kutazama naye.


Jumatatu, 30 Aprili

Mechi ya thelathini. Kipindi cha sita. Tunaongoza, mbili bila. Yumna amekaa kwenye zulia, ameegemea kochi, ananiuliza kwa nini yule anatema mate. Miaka yote hiyo ameishi nyumba hii! Nimemwambia amefunga. Amecheka mpaka chai imemwagika.

Nilimwandikia Mwanne kabla ya mechi, maneno sita tu: “Mdogo wangu, nitafutie masikini kumi, nitapiga.” Kwao ilikuwa usiku, nikajua ameshalala, ataona alfajiri, nitakuwa na muda wa kupanga maneno.

Hajalala. Alama mbili za bluu zimewaka papo hapo. Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mwisho ukaja ujumbe mmoja:

“Kumi kamili?”

Nikajibu: “Kamili.”

Baada ya nusu saa Riyadh ndiye aliyetuma picha, bila neno. Mbuzi. Amefunguliwa kamba ya nguo, amesimama katikati ya uwanja wa nyumba, anatazama kamera kama mtu aliyesoma hukumu yake akaikuta ina kosa la tarehe. Nyuma yake mlango wa chumba cha mbele uko wazi. Leo si Ijumaa, siku ya kufagia. Taa inawaka ndani.

Kipindi cha saba. Kocha anatoka anatembea kwenda kwa mrushaji. Yumna anasema, “Baba, no. Asimtoe.” Anamtoa. Bila shaka anamtoa! Anamleta ndoo. Tumesimama wote wawili.

Simu inaita. Ni Mwanne, video. Nimeiweka juu ya meza ya mninga, inatetemeka, inasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Jina lake limejaa kioo, anasubiri. Yumna ananitazama. Nitapokea sasa hivi. Naandika hapa kwanza, ili nikifungua mdomo maneno yasije yakageuka yakawa mwakani.

Chumba cha mbele ahamie Riyadh. Sirudi.